Kubadili Kazi Katikati ya Safari: Somo Juu ya Mtu Mzima Mwenye Usonji



Somo la mwezi huu sikulipanga. Nilikuwa nimeandaa jingine, lakini jioni moja mtu alinibishia hodi, na aliyonieleza yamenifanya niliweke lile kando. Mtu huyo nilimfundisha zamani katika chuo cha ualimu. Sasa ana miaka 46, ana mke na watoto wanne, na anafundisha shule ya msingi hapa wilayani kwetu. Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuyaandika haya.

Alikuwa ameniarifu kwamba atafika saa kumi na moja, naye akafika saa kumi na moja kamili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakuuliza habari za nyumbani wala za mvua. Alikaa, akautazama ukuta, akasema, "Mwalimu, nataka kuacha kufundisha. Nimekuja kwako kwanza, maana wewe ndiye uliyenizuia mara ya kwanza."

Mimi nilikuwa nimesahau, lakini yeye alikumbuka hata siku ya juma. Alipokuwa mwanachuo alirudi kutoka mazoezi ya kufundisha akanijia ofisini. Alisema kelele za darasa zinamuumiza masikio, na kwamba jioni hawezi hata kuzungumza. Alitaka kuomba kozi nyingine. Nilimjibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia, "Nenda, utazoea."

Amefundisha zaidi ya miaka 20. Jioni ile alinitazama mara moja tu, akasema, "Sijazoea, Mwalimu."

Basi, katika somo hili tutajifunza mambo manne: usonji ni nini, kwa nini mtu mzima mwenye usonji aweza kushindwa na kazi ambayo wengine waiona ya kawaida, afanye nini akifikiri kubadili kazi, na sisi tulio karibu naye tuna wajibu gani.

1. USONJI NI NINI

Usonji ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi kwa njia iliyo tofauti na ya watu wengi. Mtu huzaliwa nao na huishi nao maisha yake yote. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana, si kurogwa, wala si matokeo ya malezi mabaya ya mama. Wala hausababishwi na chanjo.

Watu wenye usonji hawafanani. Wengine hawasemi kabisa na huhitaji kusaidiwa kila siku. Wengine husema vizuri, husoma, huoa na kuolewa, na hufanya kazi. Lakini yako mambo ambayo huonekana kwa wengi wao. Kwanza, mazungumzo ya kawaida huwa magumu: kumtazama mtu machoni, kutambua mzaha, kuelewa maana iliyofichwa katika maneno. Pili, hupenda utaratibu usiobadilika. Tatu, huzama sana katika jambo moja walipendalo. Nne, milango yao ya fahamu hupokea vitu kwa nguvu kupita kiasi au kidogo mno: sauti, mwanga, harufu, au kuguswa.

Daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943. Mwaka uliofuata daktari Hans Asperger aliandika juu ya watoto wengine mjini Vienna. Kwa miaka mingi jambo hili lilidhaniwa kuwa la watoto tu, kana kwamba watoto hao hawakui. Ndiyo maana sisi tuliosomea ualimu miaka ya 1980 hatukufundishwa kumtambua mtu kama huyu akiwa darasani, sembuse akiwa mwalimu mwenzetu.

Kanisa letu halikuwa nyuma katika kuwahudumia wenye ulemavu. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma. Hapa Tabora, ndugu zetu Wakatoliki walianzisha shule ya viziwi mwaka 1963. Lakini asiyeona na asiyesikia twamtambua upesi. Mwenye usonji anayeweza kusoma na kuandika hatumtambui. Twamwita mwenye maringo, au mkali, au mtu wa ajabu ajabu.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Tufanye hesabu kidogo. Katika kata yenye watu 12,700, kwa makadirio hayo wangekuwapo watu 100. Je, wewe unawajua wangapi?

2. MTU MZIMA HUJITAMBUAJE

Mwanafunzi wangu huyu hakujitambua kwa kusoma kitabu. Mtoto wake wa mwisho alichelewa kusema, akawa anapanga vizibo vya chupa kwa rangi kutwa nzima. Walimpeleka hospitali. Daktari akamwuliza baba maswali mengi: je, mtoto huziba masikio? Je, hulia njia ya kwenda shambani ikibadilishwa? Je, hukataa nguo fulani? Kila swali lililoulizwa juu ya mtoto, baba aliona linamhusu na yeye. Aliniambia, "Mwalimu, nilikuwa najibu habari zangu."

Watu wazima wengi ulimwenguni wamejitambua kwa njia hiyo hiyo, kupitia watoto wao. Kwa mtu wa Igunga kuthibitishiwa na mtaalamu si rahisi. Huanza na hospitali ya wilaya, huenda Kitete mjini Tabora, na pengine akaelekezwa Bugando, Mirembe au Muhimbili, waliko madaktari bingwa wa afya ya akili. Safari hiyo ina gharama. Lakini kabla ya kufika huko mtu aweza kuanza kuyachunguza maisha yake kwa utulivu, bila kujipa jina la ugonjwa na bila kupewa jina hilo na majirani.

3. KWA NINI KAZI HUCHOSHA

Niliuliza swali ambalo pengine na wewe unaliuliza: mtu aliyeweza kazi miaka 20, kwa nini ashindwe sasa?

Alinijibu kwa kunieleza siku yake moja. Saa moja asubuhi ni paredi, ngoma na kelele. Darasani ni watoto zaidi ya 80, kila mmoja na sauti yake. Wakati wa mapumziko wenzake hupiga gumzo ofisini, naye hulazimika kucheka wanapocheka ingawa hajaelewa kilichochekesha. Ghafla Mwalimu Mkuu hubadilisha ratiba. Mchana huja wazazi bila taarifa. Jioni kuna kikao. Arudipo nyumbani hujifungia chumbani gizani, na watoto wamefundishwa kunyamaza.

"Kufundisha hesabu hakunichoshi," alisema. "Kinachonichosha ni kujifanya mtu mwingine tangu asubuhi hadi jioni."

Wataalamu wanaifahamu hali hii. Mtu mwenye usonji hujifunza kuficha tabia zake ili afanane na wengine. Kuficha huko ni kazi ya pili isiyo na mshahara, ifanywayo juu ya kazi ya kwanza. Akiwa kijana huimudu. Akifika miaka ya 40, majukumu ya nyumbani yakizidi, nguvu humwishia. Mwanafunzi wangu alikwisha kuondoka shuleni mara mbili katikati ya kipindi bila kuaga, akapewa barua ya onyo. Mkewe alidhani ana mwanamke mwingine. Kaka zake walidhani amerogwa. Kumbe alikuwa amekwenda kukaa mtoni peke yake.

Ugumu huu si wa kwetu tu. Mwaka 2024 taarifa iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza ilionyesha kuwa ni watu 3 tu hivi katika kila 10 wenye usonji waliokuwa na ajira. Yaani hata penye madaktari wengi, mlango wa kazi bado ni mwembamba.

4. KUBADILI KAZI SI AIBU

Wako watu wasemao mtu mzima habadili kazi. Wanasahau historia ya mkoa wetu. Mababu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Walitoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, kila mtu na mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Na katika msafara si wote walibeba mzigo ule ule. Alikuwapo kirangozi aliyetangulia na kuijua njia. Alikuwapo mnyapara. Walikuwapo wapishi na walinzi. Msafara uliompa kirangozi kazi ya mpishi ungepotea njia.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliobebwa kwa miezi ukasafirishwa kwa siku chache. Wapagazi wengi, watu wazima wenye wake na watoto, iliwabidi watafute kazi nyingine. Wengine walikwenda mashamba ya katani, wengine walishika jembe. Basi, kubadili kazi katikati ya maisha si jambo geni kwetu.

Tutazame na mifano mitatu ya mbali.

Mtoto wa kwanza katika taarifa ya Kanner ya mwaka 1943 aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, Marekani. Alikua, akafanya kazi katika benki ya mji wake miaka mingi, akacheza gofu, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Watu wa mji walimzoea jinsi alivyo, wakampa nafasi. Hapa tuangalie nani alizoea. Mimi nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba yeye atazoea. Kumbe waliotakiwa kuzoea ni sisi pia.

Wa pili ni Temple Grandin, aliyezaliwa Marekani mwaka 1947. Alichelewa kusema hadi kukaribia miaka minne. Alipokua aliwachunguza ng'ombe. Aliingia mwenyewe katika vichochoro vya kupitishia mifugo ili aone waonavyo ng'ombe, akagundua kuwa mnyororo unaoning'inia, kivuli, au koti lililotundikwa uani huwafanya wagome. Akasanifu vichochoro vipya vinavyowatuliza, navyo vinatumika sana nchini mwake, naye akawa profesa wa chuo kikuu. Sisi tulio na minada na majosho twajua thamani ya mtu anayeona kile ng'ombe anachokiona.

Wa tatu ni Susan Boyle wa Scotland, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, ambaye alikuwa hana ajira. Mwaka 2009, akikaribia miaka 50, aliimba katika mashindano ya televisheni akajulikana dunia nzima. Tangu utoto aliambiwa kuwa ubongo wake ulidhurika wakati wa kuzaliwa. Mwaka 2013 alieleza hadharani kwamba madaktari wamemwona kuwa na aina ya usonji. Lakini tusisahau jambo moja: baada ya fainali ya mashindano yale alilazwa kwa uchovu. Hata badiliko jema lina uzito wake. Tena si kila mtu atakayebadili kazi atakuwa mashuhuri, wala haimpasi.

5. HATUA ZA KUFUATA

Mwanafunzi wangu alikuja na barua ya kuacha kazi mfukoni. Nilimsihi asiipeleke kwanza. Tangu siku hiyo tumekuwa tukikutana kila Jumamosi saa kumi na moja. Hatua hizi tumezipitia pamoja, nazo zaweza kumfaa mwingine.

(a) Andika yanayokuchosha na yanayokupumzisha. Kwa majuma mawili aliandika kila jioni. Yaliyomchosha: paredi, vikao, zamu, wazazi wasio na miadi. Yasiyomchosha: kusahihisha, kutunga mitihani ya hesabu, kupanga ratiba ya shule, kujumlisha takwimu za mahudhurio. Alishangaa kuona kwamba yote ya fungu la pili yalikuwa kazi za utulivu na tarakimu.

(b) Tenganisha kazi na mazingira ya kazi. Pengine haikupasi kuiacha kazi bali namna inavyofanywa. Tulimwendea Mwalimu Mkuu. Nasema kweli, nilitegemea ugomvi. Lakini tulipomweleza kwa lugha nyepesi alikubali mambo matatu: ratiba isibadilishwe bila kumjulisha siku moja kabla, zamu yake ya paredi achukue mwenzake, naye afanye takwimu za huyo mwenzake, na wakati wa mapumziko akae stoo ya vitabu. Hayakugharimu shule hata senti moja.

(c) Usiache mbachao kwa msala upitao. Kaa na mwenzi wako mkahesabu. Mkopo wa benki unaokatwa katika mshahara haufi kwa barua ya kuacha kazi. Kwa sheria ya sasa mwalimu wa serikali aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Na ili kupata pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180. Mwenzetu ameshaivuka miezi hiyo, ila umri bado. Anayetaka kutoka mapema aende ofisi ya PSSSF akaulize, naye apewe majibu kwa maandishi. Na asiondoke kimya kimya kamwe. Utoro kazini waweza kumfukuzisha mtu, na aliyefukuzwa hupata taabu kuanza upya.

(d) Jaribu kabla ya kuhama. Likizo ya Juni, wakati wa msimu wa pamba, alijitolea katika chama cha msingi cha ushirika. Siku ya kwanza wakamweka kwenye mizani. Vumbi, jua, wakulima wakibishania kilo: kabla ya saa sita alikuwa ameondoka. Angeweza kusema ameshindwa. Lakini katibu wa chama, mzee mwenye busara, alimwita kesho yake akamkalisha chumba cha nyuma na madaftari. Kwa siku tatu alilinganisha stakabadhi na daftari, akakuta stakabadhi moja imeandikwa mara mbili na nyingine haikuandikwa kabisa. Mkulima ambaye hakuandikwa alilipwa haki yake. Basi, tulijifunza kwamba kazi moja ina vyumba viwili: cha mbele kilimshinda, cha nyuma kilimfaa. Tulijifunza pia kwamba chama hulipa kwa msimu tu, na watoto wanne hawali kwa msimu.

(e) Tafuta njia ya kati. Katika utumishi wa umma kuna utaratibu wa kubadilisha kada kwa mwenye sifa za kazi nyingine, ukiombwa kwa mwajiri. Mwalimu aweza kusomea uhasibu au utunzaji wa kumbukumbu, kisha akaomba. Kwa aliye fundi bila cheti, VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Mwenye kutaka kujitegemea asisahau kwamba katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 imetengwa kwa watu wenye ulemavu. Masharti yake yaulizwe kwa afisa maendeleo ya jamii.

(f) Fikiri utamwambia nani. Si lazima kumwambia kila mtu. Lakini ijue sheria. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa sheria hiyo, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Mwenye kukusudia kuzitumia haki hizi atahitaji uthibitisho wa daktari, na hapo ile safari ndefu ya hospitali huwa na faida.

6. WAJIBU WETU

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 4, twasoma jinsi Musa alivyoitwa kutoka kuchunga kondoo, naye akasema kwamba si mwepesi wa kunena. Sura ya 7 yatuambia alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Tusiseme kuwa Musa alikuwa na usonji. Maandiko hayasemi hivyo. Lakini tuangalie alivyosaidiwa. Hakuambiwa kwamba atazoea. Alipewa Haruni awe msemaji wake, naye akabaki na kazi iliyomfaa yeye.

Kila mwenye usonji anamhitaji Haruni. Aweza kuwa mke anayempokea mgeni mlangoni na kumwarifu mumewe kabla. Aweza kuwa katibu wa chama anayejua kumhamisha mtu chumba badala ya kumfukuza. Aweza kuwa mwenzake wa kazi anayebadilishana naye zamu.

Na hapa kanisani je? Mwenzetu huyu kwa miaka mingi alikaa nje chini ya mwarobaini wakati wa ibada. Vipaza sauti vilimuumiza, na kushikana mikono na watu wote kulimwogopesha. Sisi tulimwita Mkristo wa mlangoni. Hata mimi nilicheka. Hakuna aliyekwenda kumwuliza kwa nini hakai ndani. Sasa benchi moja limewekwa pembeni karibu na dirisha, mbali na spika, na wazee wa kanisa humsalimu kwa kuinua mkono. Jumapili tatu zilizopita aliingia akakaa na mwanawe. Yule mtoto aliziba masikio wakati wa kwaya, baba naye akaziba, wakatazamana.

7. MWISHO WA SOMO

Mtataka kujua ameamua nini. Hajaamua. Barua ya kuacha kazi ameihifadhi kwenye daftari langu, kwa hiari yake. Ameanza kusoma uhasibu jioni. Amemwandikia mwajiri kuuliza juu ya kubadilisha kada, na jibu halijafika. Laweza kuwa hapana. Mkewe, aliyekuwa amekwisha kurudi kwao kwa miezi miwili, amerudi nyumbani. Alisema jambo ambalo nimelitafakari sana: "Kama ningeambiwa mapema kwamba anachoka, nisingedhani ananichukia."

Mimi nilimwomba msamaha kwa neno nililomwambia ofisini miaka ile. Aliwaza kidogo, akasema, "Methali yako ilikuwa na kosa, Mwalimu. Mkulima huchagua jembe." Naye ana haki. Sote tulimao hapa twajua kwamba jembe la udongo mzito wa mbugani Wembere si jembe la kichanga cha mlimani. Anayelima jaruba la mpunga kwa jembe lisilofaa si mvivu, hata akichelewa kumaliza. Kwa miaka zaidi ya 20 kijana wangu alilima hivyo, na bado watoto wengi wa wilaya hii wanajua hesabu kwa sababu yake.

Ikiwa wewe usomaye unajiona katika habari hizi, au unamwona mumeo, binti yako, au mwalimu wa mtoto wako, usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi, wala usikimbilie kumwambia atazoea. Anza kwa kuuliza, kisha kaa usikilize.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Eleza kwa maneno yako usonji ni nini, na mambo mawili ambayo watu husema juu yake yasiyo kweli.

2. Kwa nini mtu aweza kuimudu kazi akiwa na miaka 25 na kushindwa nayo akiwa na miaka 45?

3. Soma Kutoka 4:10-16. Haruni alimsaidia Musa kwa njia gani? Nani aweza kuwa Haruni katika mtaa wenu?

4. Mwalimu Mkuu alikubali mambo matatu yasiyo na gharama. Taja mambo mengine matatu ambayo mwajiri, au kanisa letu, laweza kufanya bila gharama.

5. Je, yuko mtu ambaye tumezoea kumcheka kwa kukaa mlangoni? Nani kati yenu atakwenda kumwuliza, na lini?

Wenu katika Kristo,
Mwalimu Mstaafu,
Igunga.